Njaa ya Saa Kumi

Kila ikifika saa kumi alasiri mwezi wa Ramadhani, njaa hunikaba hapa Iskandaria.

"Mama, daku umekula maharage na mtindi, maji ukanywa kama ngamia," mwanangu Medhat alinitania. "Njaa hiyo ya nani?"

Nikafikiri. Saa kumi ndipo mimi na mdogo wangu Inshirah tulipokuwa tukimenya vitunguu, tukipunguza thawabu kwa kuwasema wakwe, kabla hajahamia Ufaransa. Nikampigia simu. Tukacheka mpaka adhana, njaa nikaisahau.

"Kwako tayari, dada. Kunywa maji."

"Na wewe?"

"Huku jua bado lipo. Wewe kunywa, nikusikie."

Nikaisogeza simu kooni, nikanywa polepole, funda kwa funda, naye akisikiliza maji ya kwetu.