Pengo kati ya Haidrojeni na Heliamu

Baba yangu ni mchora mabango, na hakuna kitu kinachomkera kama pengo. Ukimpa ubao akuandikie neno moja tu, atapima kushoto, atapima kulia, atarudi nyuma, atafumba jicho moja, na neno litakaa katikati kana kwamba limezaliwa pale. Maduka mengi ya zamani hapa kwetu yana maandishi yake. Siku hizi watu wanachapisha mabango kwa mashine, kwa hiyo brashi zake zinalala ndani ya kopo, naye anashinda nyumbani akimkosoa Mama jinsi anavyopanga vikombe.

Ndiyo maana niliposikia maabara ya shule ninayofundisha inapakwa rangi upya, nilikwenda mbio ofisini kwa Mkuu. Nilimwomba ukuta wa mbele uchorwe jedwali la elementi, na mchoraji awe baba yangu. Mkuu ni mama wa maneno machache, aliyesomea historia. Alinitazama juu ya miwani, akasema sawa, ila nisisahau Jumatatu. Ningesahau vipi? Jumatatu wanafunzi walikuwa wanachagua masomo. Mwaka uliopita kemia ilikimbiwa kama nyumba yenye nyuki, na mwalimu aliyenitangulia akaondoka. Mimi bado nilikuwa kwenye majaribio. Darasa lisipojaa somo linafungwa, nami nafungasha.

Jumapili asubuhi nilimpa Baba mchoro niliouchora haraka haraka, wenye elementi ishirini za mwanzo, kila moja na sanduku lake. Safu ya juu ina mbili tu, haidrojeni mwisho kabisa wa kushoto na heliamu mwisho kabisa wa kulia. Safu ya pili na ya tatu zina nane nane. Ya nne nayo ina mbili, potasiamu na kalsiamu, zote zimebanana kushoto. Nikamwachia ngazi na ukuta, nikaenda zangu kufua.

Niliporudi alasiri nilisimama mlangoni nikakodoa macho. Ilikuwa kazi nzuri, jamani, lazima niseme. Herufi zimenyooka, rangi ya buluu imetulia. Ila haidrojeni na heliamu alikuwa amewasogeza pamoja, wakakaa juu katikati kama bibi na bwana harusi. Potasiamu na kalsiamu nao aliwaweka chini katikati. Baba alinieleza kwa fahari kwamba mchoro wangu ulikuwa umelemea upande, kwa hiyo ameurekebisha, wala nisihangaike kumshukuru.

Damu ilinichemka. Hasira zangu huwa hazibishi hodi.

"Baba, umeharibu kila kitu," nilisema. "Bora wangechapisha tu."

Alishuka ngazi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta brashi moja moja, taratibu, kama mtu anayefunga duka lake kwa mara ya mwisho. Roho iliniuma. Ningeweza kulirudisha neno lile mdomoni ningelirudisha, hata likiwa na mchanga. Nilimwomba msamaha. Alisema yameisha, kwa sauti ya mtu ambaye kwake hayajaisha hata kidogo.

Kisha akajibana kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza.

"Kwa nini hao wawili wasikae katikati?" aliuliza. "Nieleze kama utakavyowaeleza watoto kesho. Nisipoelewa mimi, na wao hawataelewa."

Nilichukua chaki. Nilimwambia kila mstari unaoshuka kutoka juu hadi chini ni ukoo mmoja, na watu wa ukoo mmoja wana tabia moja. Ukoo wa kwanza kushoto, wa akina sodiamu na potasiamu, kila mmoja ana elektroni moja ya pembeni inayomwelemea, anatafuta wa kumpa. Ukoo wa pili, wa magnesiamu na kalsiamu, wanazo mbili za kutoa. Upande wa kulia, akina klorini wamepungukiwa na moja, na akina oksijeni wamepungukiwa na mbili. Wa mwisho kabisa, akina neoni, wametosheka, hawaombi wala hawatoi. Heliamu ni wa huko.

"Kama shangazi yako," alisema Baba. Nilicheka, maana shangazi kweli hajawahi kuomba hata kiberiti, na cha kwake hupati.

Nikaendelea. Wanaopeana huungana, na muungano wao hupewa jina. Anayetoa hutangulia na jina lake kamili. Anayepokea hufuata, mkia wa jina lake umekatwa na kuwekwa "aidi". Sodiamu akimpa klorini tunapata sodiamu kloraidi, ndiyo chumvi ya mezani. Baba akauliza juu ya magnesiamu na oksijeni, nami nikamrudishia swali lake. Akasugua kidevu. Magnesiamu oksaidi. Halafu, bila kuulizwa, akasema basi kalsiamu na oksijeni lazima wawe kalsiamu oksaidi. Nikamwambia hiyo ndiyo chokaa kabla haijatiwa maji, ile aliyokuwa akiibeba kwa magunia ujanani, akipaka kuta za watu.

Akaugeukia ukuta, ambako kalsiamu wake alikuwa amekaa chini ya fosforasi.

"Nimemtoa kwao," alisema polepole. "Mtoto akimfuata kwenye ukoo huu, chokaa hataipata."

Akafungua kopo la rangi nyeupe. Yeye alifuta na kuchora upya, mimi nilishika ngazi, na jua lilipozama kila mmoja alikuwa kwao. Pale juu, kati ya haidrojeni na heliamu, palibaki ukuta mtupu. Baba alisema panamuumiza macho. Lakini hakupagusa.

Asubuhi wanafunzi walijaa maabara hadi madirishani. Baba naye alikuja, eti kuchukua ngazi, ingawa alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Mkuu aliingia, akautazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole juu.

"Mwalimu, mbona hapa pako wazi? Fundi hakumaliza?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nilifungua mdomo nijibu. Hapo nikaona mkono umenyooshwa kule nyuma, una madoa ya buluu.

"Mkuu, jana nililiziba pengo hilo, na likapendeza," alisema Baba. "Mwalimu akanionyesha kwamba yule wa kulia si wa ukoo wa katikati. Mimi shule niliikimbia mapema, nikidhani kemia ni ya watu wengine. Binti huyu amenieleza jioni moja tu. Anayetaka kunijaribu anijaribu."

Msichana mmoja mtundu akamtupia potasiamu na florini. Baba akapitisha kidole hewani, kikashuka ukoo mmoja, kikapanda mwingine. Potasiamu floraidi. Kisha akamrudishia lithiamu na oksijeni, na yule msichana, macho ukutani, akapata. Baada ya hapo hakukuwa na utulivu tena, kila mtu alitaka kuozesha watu wake. Hata Mkuu alisogea karibu na ukuta na kuninong'oneza, "Sodiamu oksaidi?" Nikamwambia ndiyo. Alitabasamu, nami nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake.

Kufikia mapumziko darasa la kemia lilikuwa limejaa, wengine wanaomba waongezewe viti. Mkuu aliniambia nipeleke vyeti vyangu ofisini, majaribio yamekwisha. Akageuka kuutazama ukuta tena.

"Nilitaka tununue jedwali la kuchapishwa," alisema. "Lakini hilo lisingenyoosha mkono."

Baba alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Sikuweza kumtazama. Machozi yalinilenga, nikamwambia kwa sauti ya chini, nisamehe, Baba, nisamehe kweli. Akanipiga bega kwa kiganja chake kigumu, akauliza kama elementi zenyewe ni hizi ishirini tu. Nikamwambia zinazidi mia.

Akautazama ukuta wa pembeni, ambao haukuwa na kitu. Akapima kushoto, akapima kulia, akafumba jicho moja.

"Basi zungumza na Mkuu," alisema. "Na safari hii uniletee mchoro wa maana. Ule ulikuwa umelemea."