Mkono Ndani ya Beseni

Saa nane na robo mchana, beseni la jasi lililokuwa juu ya meza ya dirishani lilianza kutoa mvuke.

Lilikuwa beseni la plastiki la kufulia, limejaa jasi, unga mweupe uliokorogwa na maji ili ugande. Ndani yake mlikuwa na mkono wa kulia wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umezama hadi juu ya kifundo, umekamata kipande cha mti. Wenzake walimwita Kijiti kwa wembamba wake. Kati ya wanafunzi wa sanaa na usanifu waliokuja katika mji huo wa ugenini kwa ziara ya masomo, ni yeye peke yake aliyeombwa na wenyeji abaki mwaka mzima kujifunza uchongaji. Mradi wake ulikuwa mpini wa kisu cha jikoni kwa watu ambao vidole vyao havikunjiki vizuri, na alitaka umbo la kiganja kinavyoshika.

"Imeanza kupata joto," alisema.

"Ndiyo inaiva hiyo," alijibu Mpishi.

Mpishi alipewa jina hilo kwa sababu ndiye aliyekorogea darasa zima jasi. Chuoni kwao magunia yalihifadhiwa katika stoo inayovuja, na jasi ilipowafikia wanafunzi ilikuwa imeshakunywa unyevu. Ingeweza kubaki tope hadi jioni. Kwa hiyo walikuwa na njia zao: maji ya moto badala ya baridi, na chumvi konzi moja, ili iamke. Ikipata joto walipiga makofi, maana walijua imekubali. Hakuna aliyewahi kuiona ikizidi joto la maji ya kuogea.

Jasi ya siku hiyo ilitoka katika gunia jipya, kavu kabisa, lililofunguliwa asubuhi. Mpishi aliiwekea maji ya moto na chumvi kama kawaida. Tena, nyumbani walipaka tabaka jembamba tu mkononi, kwa sababu jasi ya kujaza beseni haikuwepo. Hapa magunia yalipangwa hadi chini ya dirisha. Mpishi alisema mgeni akikaribishwa pilau hali kwa kijiko cha chai, akamwaga nusu gunia.

Kabla ya kwenda kula, fundi wa karakana alikuwa amewaonyesha unga mwingine, ule laini wa madaktari wa meno, na kueleza kwamba kinachogusa ngozi ni huo, jasi humiminwa baadaye katika kalibu, lile umbo tupu linaloachwa na mkono. Mwalimu wao alimwelewa vizuri. Alielewa pia kwamba njia hiyo ingekula siku nzima, na ziara ilikuwa inakaribia kwisha. Aliwaambia wafanye kama wanavyofanya nyumbani.

"Mpishi, inaunguza."

"Acha kudeka wewe. Mwaka jana ulilia haikauki, leo unalia inakauka."

"Nakwambia inaunguza!"

Msichana wa meza ya pili aliinama akapuliza juu ya beseni kama anayempoozea mtoto uji. Wakacheka. Kijiti naye alicheka, mara moja tu.

Mwalimu alikuja, akaweka kiganja ubavuni mwa beseni. Plastiki ilikuwa na uvuguvugu tu.

"Vumilia kidogo, mwanangu. Ukitoa sasa kalibu inavunjika, na hatuna muda wa kufanya nyingine."

Kijiti alivumilia. Kisha alijaribu kuvuta. Ngumi ilikuwa pana kuliko kifundo, na jasi ilikuwa imekwisha kuwa jiwe. Alipiga kelele. Mpishi alimimina maji baridi, yakateleza juu na kumwagika sakafuni. Alikamata nyundo, Mwalimu akamshika mkono, akisema atamvunja mifupa. Walikuwa bado wanabishana Kijiti aliponyamaza.

"Vidole sivisikii tena," alisema.

"Afadhali," alisema Mpishi. "Imeanza kupoa."

Haikuwa imeanza kupoa. Fundi aliporudi alipasua beseni kwa msumeno, akalitoboa jiwe kwa keekee, akalipasua vipandevipande kwa patasi. Vipande vilitoka na ngozi.

Hospitalini walisubiri siku mbili kuona kipi kitapona. Asubuhi ya siku ya tatu daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, alizungumza polepole katika lugha ambayo haikuwa yake wala yao. Vidole vinne vilikuwa vimekufa hadi mfupani. Kidole gumba kilikuwa hai. Wakikata leo, huenda kiganja kikapona. Wakisubiri, uozo ungeshuka kwenye kiganja, na pengine kwenye kifundo.

Mwalimu alitoka koridoni akampigia simu mama yake Kijiti. Alimwambia binti ameungua, madaktari wanamshughulikia.

"Ameungua na nini?"

"Kazini, mama. Kwenye karakana."

"Mwalimu, nakuuliza hili unanijibu lile."

Aliposikia neno kukata, mama alikataa. Mtoto arudishwe, hata huku madaktari wapo. Mwalimu alirudi chumbani na simu mkononi.

"Mama yako anasema tusubiri. Vumilia siku mbili tu, tusafiri, tukaangalie nyumbani."

"Nipe simu," alisema Kijiti. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa sana?"

"Siumwi. Ndiyo ubaya wenyewe. Vidole vimeshakufa."

"Nani kasema?"

"Nimeviona. Vyeusi. Jana daktari kavichoma sindano naangalia, sikusikia kitu. Tukichelewa, na kiganja kinakwenda."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Nyuma ya mama kulikuwa na sauti ya maji ya bomba. Bomba likafungwa.

"Na ule mwaka waliotaka ubaki huko?"

"Mama, tukiokoe kiganja kwanza."



"Waambie wakate," alisema mama.

Mwalimu alisema jambo hilo linahitaji kufikiriwa, chuo kitauliza, bora angalau kipelekewe taarifa.

"Mwalimu," alisema Kijiti, "mimi nilishavumilia."

Alitia sahihi ya kuridhia upasuaji kwa mkono wa kushoto, herufi zikipishana kimo kama za mtoto wa chekechea. Kitanda kiliposukumwa koridoni, Mpishi aliinuka kwenye benchi. Kucha zake zilikuwa bado na jasi. Alifuta macho kwa kiwiko.

"Usinililie wewe," Kijiti alimwambia. "Begi langu utalibeba wewe, na lina mawe."

Daktari alitoka kabla ya adhuhuri. Alimweleza Mwalimu kwamba vidole vinne vimeondolewa, na kwamba nyama iliyokufa ilikuwa imepita mashina ya vidole, hivyo amelazimika kuondoa pia sehemu ya juu ya kiganja. Kilichobaki kilikuwa kinatoa damu safi. Mwalimu aliuliza kama ataweza kushika patasi. Daktari alisema hapana.

Alasiri Kijiti aliamka. Muuguzi alimwinulia mkono juu ya mto, akamwomba akunje kidole gumba. Kilijikunja, kikagusa bandeji.