Vijiko Vinne kwenye Uji

Tangu reli ifike Mpanda na Severini apate kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi, nyumbani kwake sukari haikukatika. Mama yake, Katarina, alipohama Kasekese kuja kukaa nao, aliona hiyo ni baraka. Mjukuu wake Krispini, mwenye miaka mitatu, alitiliwa vijiko vinne kwenye uji, na pande la samli juu yake.

Verdiana, mama wa mtoto, alichoka kusema. Dresa, yule mhudumu wa tiba wa zahanati, alikuwa amemfunua Krispini mdomo, akaona meno ya mbele yamekuwa meusi, akamwambia waziwazi, "Punguza sukari na samli. Mtoto anashiba utamu, chakula hali." Kweli, maharage aliyatema, na kisamvu hakutaka hata kukinusa.

Verdiana akaficha mkebe wa sukari ndani ya gunia la mahindi. Siku ya pili akamkuta mama mkwe wake ameushika.

"Mama, dresa alikataza."

"Dresa amezaa wangapi?" Katarina aliuliza, huku akikoroga uji. "Nililea saba kwa uji wa chumvi kwa sababu hatukuwa na kitu. Leo mwanangu anapata mshahara, unataka mjukuu wangu ale kama yatima?"

Severini aliporudi kutoka kazini, Verdiana alimweleza. Yeye alikuwa akinawa vumbi la mgodi.

"Mama Krispini, nyie wawili mtanimaliza. Mwache mama amfurahie mjukuu wake."

"Na meno yake?"

Severini akaendelea kunawa.

Mwezi haukuisha, shavu la mtoto likavimba. Safari hii Verdiana hakubishana. Alimfunga Krispini mgongoni, akamwambia mama mkwe wake, "Twende wote zahanati, mama. Utamshika wewe."

Katarina alimshika. Jino lilipong'olewa, usaha ukafuata, na Krispini alilia hadi sauti ikamkauka, akimwita bibi amwokoe, bibi yule yule aliyembana mikono.

Walipofika nyumbani Katarina alipika uji, akatia kijiko kimoja cha sukari, akachota cha pili, akasita.

"Kimoja kinatosha, mama."

"Hatakunywa."

Hakunywa. Alisukuma bakuli, uji ukamwagika. Katarina akamtazama Verdiana kama kusema, si unaona? Verdiana akajaza bakuli jingine. Mtoto akageukia ukuta.

Jioni Severini akaingia na maandazi yanayong'aa samli, yamefungwa kwenye gazeti, pole ya mgonjwa. Verdiana aliinuka kwa hasira. Kabla hajafungua mdomo, Katarina alilipokea furushi.

"Haya tutakula sisi watu wazima," alisema, akamgeuzia mtoto mgongo na kuanza kutafuna.

Verdiana hakushukuru, hakuwa na nguvu hiyo. Alichota bakuli la tatu, akakaa chini kando ya mwanawe. Krispini alimeza vijiko viwili, akafumba mdomo. Vijiko viwili, tangu asubuhi.