Dawa ya Madoa kwenye Tangi la Bwana Mapezi

Neno lenyewe lilisemwa juu juu tu, katikati ya kukunja mashuka. Bi Mikunjo alivuta pembe zake mbili, akasema: "Yule Bwana Mapezi wa duka la samaki wa mapambo, nasikia pampu zikirudishwa zimekufa anazisugua kwa siki, anazitia kwenye boksi jipya, anamuuzia mwingine." Kisha akalitupa shuka kwenye rundo, akahamia habari za magoti yake yanayouma.

Kwa Bi Mikunjo neno liliishia hapo. Kwa mwenzake wa upande wa pili wa meza ndipo lilipoanza. Lilimkaa kama mchanga kwenye kiatu, kila hatua akalisikia.

Mwenzake huyo walimwita Mama Chomoa. Chumba chao cha kufulia kilikuwa na pasi sita, mashine nne na sheria moja iliyoandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: wa mwisho kutoka achomoe kila plagi. Wengine waliisoma, yeye aliiogopa. Aliwahi kuona kwa macho yake pasi iliyosahauliwa ikitoboa meza mpaka upande wa chini. Tangu siku hiyo wa mwisho kutoka alikuwa yeye, iwe zamu yake isiwe zamu yake. Nyumbani kwake ilikuwa vilevile. Kila asubuhi, binti akishaenda shule, alipita chumba kwa chumba akichomoa. Hata jokofu lilipumzishwa mpaka alasiri.

"Huyu," wenzake walimtania, "angeweza, na moyo wake angeuchomoa akienda kulala."

Hofu hiyo ilikuwa imemhamisha nyumba sita. Moja swichi ilitoa cheche, nyingine dari ilikuwa na ufa, nyingine jirani alipikia gesi karibu na pazia. Kila alipohama alihama na binti yake wa pekee, na kila mara binti aliacha kitu nyuma: shoga yake, paka aliyemzoea, ukuta aliouchora maua. Walipofika nyumba ya saba binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuzihamisha nguo zake kutoka sandukuni. Nguo alizitoa humo moja moja, kama mgeni wa siku mbili.

"Mwanangu, panga nguo zako kabatini."

"Za nini, mama? Si tutahama?"

Mama Chomoa alinywea. Maneno yalimchoma kuliko pasi yoyote. "Safari hii hatuhami," alisema. "Niambie kitu unachotaka, kitu ambacho mtu akishakuwa nacho hahami."

Binti aliwaza kidogo. "Tangi la samaki wa maji ya chumvi. Likishajaa halibebeki."

"Basi tumekubaliana."

Ndivyo walivyofika kwa Bwana Mapezi, maana duka jingine la samaki wa mapambo halikuwapo. Alikuwa mwembamba mrefu, masikio yamemsimama pande mbili kama mapezi kweli. Mbele ya duka lake, nyuma ya dirisha, palikuwa na tangi kubwa ambalo wapita njia walisimama kulitazama mpaka wakachelewa kazini. Aliwapa tangi lao, chumvi maalumu ya kuchanganya na maji, na ndoo ya kukaa chini ya meza ya tangi, yenye sponji la kuchuja uchafu. Aliwapa pampu ya kupandisha maji kutoka kwenye ndoo hadi kwenye tangi, na hita ndefu ya kioo ya kuyapa maji joto.

"Sponji hili lina uhai," alimwambia binti. "Ndani yake wanaishi wadudu wadogo wasioonekana, wanakula uchafu wa samaki. Maji yakisimama, wanakufa, wanaoza. Kwa hiyo maji yatembee, mchana na usiku. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa."

Mama Chomoa hakuelewa kwa sababu hakusikia. Wakati huo alikuwa ameinama akinusa waya wa hita, kama una harufu ya kuungua.

Shule zilikuwa zimefungwa na binti alishinda nyumbani, wakasubiri wiki tano maji yakomae. Kisha wakaja samaki watatu, rangi ya chungwa yenye mistari myeupe. Mmoja pezi lake lilikuwa limekatika ncha, binti akampa jina la Kipande. Jioni ile ile binti alifungua sanduku, akapanga nguo zake zote kabatini, soksi kwa soksi. Mama alimchungulia mlangoni, akajifuta macho kwa kanga.

Siku ya nne shule zilifunguliwa, na mama aliporudi kutoka kazini alikuta sebule imekuwa bwawa. Ndoo ilikuwa imefurika, mkeka unaelea, tangi limepungua robo.

"Pampu!" alipiga kelele peke yake. "Pampu ya siki!"

Akaikwanyua, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nayo dukani ikidondosha maji njia nzima.

"Kaka, umeniuzia mzoga."

Bwana Mapezi aliitumbukiza pampu kwenye beseni, ikanguruma vizuri kabisa. Akakuna kichwa. "Mbona nzima, mama? Kwenu umeme hukatika?"

"Kwetu umeme haujakatika hata dakika moja tangu tuhamie."

Na kweli ulikuwa haujakatika.

"Ajabu. Pampu ikizimika, maji ya tangi hurudi chini kwa mpira ule ule, ndoo inafurika. Lakini kama umeme haukatiki... Haya, chukua nyingine, labda ile inajizima yenyewe."

Boksi alilompa lilikuwa limeshafunguliwa. Mama Chomoa aliiona gundi iliyobanduka, akaondoka na boksi, neno la siki limemkaa rohoni. Hakujua kwamba Bwana Mapezi hutoa kila pampu na kuijaribu kwenye beseni kabla ya kumpa mtu. Yeye alichokiona ni siki.

Na ile sebule iliyolowa ilimzidishia hofu. Maji ya chumvi karibu na soketi! Kama plagi ingekuwa ukutani je? Kesho yake alichomoa mapema zaidi.

Binti alijaribu. "Mama, naomba ya tangi usiizime."

"Nyumba iungue?"

"Samaki watakufa."

"Wale wa baharini, nani anawawashia umeme?" Mama alicheka, akampapasa kichwa. Binti hakucheka.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya hita. Mama alirudi, akachomeka plagi, akaenda kuvua viatu. Maji yalikuwa yameshuka, nusu ya hita iko nje inajipasha hewani. Pampu ilipopandisha maji ya baridi, yakaigusa hita, ikalia *ta!*, ikapasuka kutoka juu hadi chini. Mama Chomoa aliruka, akachomoa, akabaki amekumbatia plagi kama mtoto mchanga.

"Ananitaka uhai huyu mtu," alisema. "Mimi na mwanangu."

Bwana Mapezi akampa hita nyingine. Boksi lake nalo lilikuwa limefunguliwa.

Halafu maji yakaanza kunuka. Jumapili asubuhi samaki wawili walikuwa wanaelea ubavu, macho meupe. Binti aliwatoa kwa kijiko, akawafunga kwenye karatasi ya daftari, akawazika nyuma ya nyumba. Kisha akaingia chumbani. Mama alisikia kabati likifunguliwa, halafu vile vifungo viwili vya sanduku: *tap, tap*.

Alipochungulia, kabati lilikuwa tupu.

Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa kitu kingine, kitu cha baridi chenye subira. Usemi wake wote kazini ukawa mmoja. "Atanitambua. Atakiona cha mtema kuni."

"Mwache, shoga," Bi Mikunjo alisema. "Vyuma huharibika."

"Si wewe uliyeniambia anasugua kwa siki?"

"Mimi nilisema nasikia. Hata sikumbuki kama ni yeye au ni yule anayeuza mafeni."

Mama Chomoa hakulipokea hilo. Mtu aliyekwisha kumpata adui hapendi kuambiwa atafute upya. Kutwa alipiga pasi akimwazia mabaya. Aliwaza kumwaga mchanga kwenye kufuli lake. Aliwaza kumsimanga mbele ya wateja mpaka masikio yale yasinyae. Yote aliyaona madogo. Yeye alikuwa amenyang'anywa kabati lenye nguo za mwanawe. Naye lazima anyang'anywe kitu anachokitazama kila siku.

Kwenye rafu ya juu pale kazini palikuwa na dawa ya madoa, ile inayoondoa wino, damu na kutu, ambayo hata kucha za mwenye kuitumia hugeuka manjano. Alijaza kichupa cha mafuta ya nywele. Siku nne alitembea nacho mkobani, na siku hizo nne alilala vizuri kuliko mwaka mzima.

Nyumbani alimwuliza binti, "Huyo Kipande mzima?"

"Yupo. Amejificha nyuma ya jiwe."

Mama hakuinama kumtafuta. Alikuwa akitazama soketi.

Siku ya tano aliomba ruhusa kazini, akaingia dukani saa nane mchana. Palikuwa na Bwana Mapezi peke yake.

"Kaka," alisema kwa sauti ya asali, "samaki wetu wanakufa. Huna kitu cha kumaliza vifo hivi?"

Uso wa Bwana Mapezi ulichangamka. "Ninacho! Afadhali umekuja mwenyewe. Ngoja, nimekiweka ndani." Akaingia chumba cha nyuma.

Mama Chomoa akafungua mkoba. Aliinua mfuniko wa tangi kubwa la mbele, akamimina kichupa chote, akarudisha mfuniko, akasimama mbali kidogo amekunja mikono. Maji hayakubadilika rangi. *Na wewe uone,* alisema moyoni. *Na wewe usimame mbele ya kioo ukitazama.* Utamu ulimpanda hadi kooni.

Mlango ukalia. Aliyeingia alikuwa binti yake, ana sare ya shule na begi mgongoni.

"Mama! Umekuja kumwona?"

"Kumwona nani?"

"Kipande." Binti alionyesha tangi la mbele. "Nilimleta Jumatatu kwenye mfuko. Nilimwambia Bwana Mapezi kwamba wewe unachomoa. Usikasirike, nilikuficha. Akasema nimweke hapa kwa muda, mpaka atengeneze..."

"Hii hapa!" Bwana Mapezi alitoka na kijipampu kidogo kilichofungwa kwenye kiboksi cha betri. "Ukichomoa ya ukutani, mama, hii inashika kazi. Wewe utatoka na amani yako, samaki watabaki na hewa yao. Mtoto huyu ameniambia ukweli, nikasema basi kumbe! Nilikuwa nakuuliza kama umeme unakatika, kumbe mkataji..."

Alikuwa akicheka, hana ubaya.

Mama Chomoa alifungua mdomo. Ilikuwa ni kusema tu: *Mtoe, nimetia dawa.* Maneno matatu. Lakini kila neno lilikuwa na uso wa binti nyuma yake. Akahesabu moja, labda dawa ni kidogo. Akahesabu mbili, labda maji ni mengi. Alipofika tano bado amenyamaza. Samaki wa kwanza akapanda juu akitweta, mdomo nje ya maji. Kisha wa pili. Kisha yule mwenye pezi lililokatika, akizunguka zunguka kama jani.

"Mama, wana nini?"

"Nimetia dawa!" alipasua sauti. "Dawa ya madoa! Watoeni!"

Alitumbukiza mikono yote miwili hadi mabegani. Bwana Mapezi alikimbilia nyavu na ndoo za maji safi. Waliokoa wachache. Kipande alifia kwenye kiganja cha mama, na kiganja kilikuwa kinanuka dawa ya kazini kwake.

Bwana Mapezi aliketi sakafuni katikati ya ndoo. Mama alisubiri matusi, alitamani hata kofi. Hakupata. Mtu yule alikiinua kile kijipampu cha betri, akakifuta kwa shati lake, akampa binti.

"Hiki ni chako, mwanangu. Nilishakitengeneza."

Hakumtazama mama hata mara moja. Mpaka leo akimwona njiani huvuka upande wa pili.

Binti hakulia mbele ya mama. Walipofika nyumbani alichomeka plagi ya tangi, tangi lisilo na samaki hata mmoja, maji yakaanza kupanda na kushuka. Akakaa kitako mbele yake.

"Usiizime," alisema.

"Mwanangu, humo hamna kitu."

"Najua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema mimi."

Kwa hiyo kila asubuhi Mama Chomoa huchomoa jokofu, huchomoa redio, huchomoa pasi, kisha husimama mbele ya plagi moja ambayo haruhusiwi kuigusa. Hufika mlangoni akarudi, akanusa soketi, akatoka. Kazini moyo humdunda kutwa nzima. Akirudi huisikia pampu ikinguruma kabla hajafungua mlango. Hupita moja kwa moja mpaka chumba cha binti, akafungua kabati. Wiki ya tisa sasa. Jana alikuta humo soksi, jozi moja.

Mama mwenye kuwaza tangi la maji ya chumvi, haya ndiyo ya kuepuka:

Usichomoe pampu. Kama unaogopa moto, mwite fundi umeme akague waya, kisha umwamini.

Usiweke soketi chini ya tangi. Waya uning'inie chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, tone lidondoke sakafuni.

Usiwashe hita ikiwa nje ya maji.

Usitie chumvi ya jikoni.

Usinunue samaki kabla maji hayajakaa wiki za kutosha.

Muuzaji akiongea na mtoto, usinuse waya. Sikiliza.

Usiseme umeme haukatiki kama mkataji ni wewe.

Mtoto akikuomba kitu mara moja tu, usicheke.

Neno la kwenye meza ya kukunjia lisitoke kwenye meza hiyo.

Dawa ya kazini ibaki kazini.

Na ukishatenda, usihesabu. Sema kabla ya moja.