Mkono Unaomimina

"Niandike nini juu?" Hafidha aliuliza. Mfuko wa aising ulikuwa tayari mkononi mwake, ncha imeelekea kwenye keki ndogo.

"Andika Bibi na Mama."

"Bibi yangu, hii ndogo ndiyo keki ya wazazi. Mtoto anawakabidhi wazazi wake kama shukrani. Watu wanaandikaga Baba na Mama."

"Nimekusikia. Wewe andika Bibi na Mama."

"Baba yake alifariki?"

"Baba ni mimi."

Hafidha alicheka hadi akalazimika kuweka mfuko mezani. Alipoona Rhobi hacheki, akajifuta machozi kwa mtandio. "Astaghfirullah. Wewe bibi, na hilo gauni lako, ndiye baba?"

"Ng'ombe waliomtoa mama yake kwao walikuwa wangu. Kwetu hiyo inatosha. Andika, boda ananisubiri."

Hafidha aliandika. Alikuwa mzaliwa wa Bunda mjini, baba yake fundi cherehani, na mambo ya vijiji alikuwa akiyasikia kwa wateja tu. Lakini wateja wa Butiama wangemweleza bila shida. Rhobi hakujaliwa mtoto. Mume wake alipofariki, alibaki na nyumba, shamba na zizi ambavyo shemeji zake walianza kuvitazama kwa jicho la kupima. Akafanya kile ambacho wanawake wa kwao wamefanya tangu zamani: akatoa ng'ombe, akamwoa Matrida, msichana wa watu, ili azae watoto wa nyumba ile. Wanaiita nyumba ntobhu. Mwanaume anayekuja kulala ni mpita njia. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe.

Matrida alizaa mmoja tu, Grace. Jumapili hii Grace alikuwa anapata kipaimara.

"Kubwa ni ya vanila, kama ulivyosema," Hafidha alisema akifunga boksi kwa kamba. "Kwa nini hukutaka ya chokoleti? Watoto wanaipenda."

"Grace akila chokoleti anakohoa."

Rhobi alisafiri kutoka Bunda hadi Butiama maboksi yakiwa mapajani, moja juu ya jingine, akimgombeza dereva kila penye shimo. "Wewe! Umebeba mtoto wa mtu hapa!"

Jumamosi mchana walipanga vinywaji. Kwa Rhobi hiyo haikuwa kazi ya kukisia. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, anauza soda za baridi kwa wapita njia na togwa kwa wanaomfahamu, na hakuna aliyenywa kwake mara mbili bila yeye kujua anachopenda. Kreti za soda aliziweka kivulini ukutani. Za machungwa kwa watoto, nyeusi kwa vijana, ya tangawizi kwa katekista ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua. Maji ya chupa kwa wanakwaya. Na kwa wazee, chungu kizima cha togwa ya ulezi.

"Togwa kwenye kipaimara?" Matrida alisema. Alikuwa anapanga viti vya kukodi, kitenge amekikaza kiunoni. "Watu watatucheka, mama."

"Wacheke wakiwa wameshiba."

Matrida aliinua kiti, akakishusha palepale alipokitoa. "Bernado anakuja."

Rhobi aliendelea kufuta chupa. Bernado alikuwa ndiye mpita njia. Enzi hizo alikuwa anatembeza dagaa wa Mugango kwa baiskeli, na baiskeli hiyo ilikuwa inaharibika mno nyumbani kwa Rhobi wakati wa jioni. Grace alipoanza kutambaa, ile baiskeli ikapona. Sasa alikuwa Musoma, ana gari la kusambaza samaki, na tangu mwaka jana alikuwa akimpigia Matrida simu.

"Aje," Rhobi alisema. "Nitammiminia mwenyewe."

Alisema hivyo akiwa na maana kamili. Alikokulia yeye, mwenye nyumba ndiye anayemimina. Anashika kata, anachota, anampa mgeni kwa mikono miwili. Mgeni akipokea na kunywa, amekubali mbele ya watu kwamba yeye ni mgeni. Hakuna haja ya maneno. Bernado angekunywa togwa ya Rhobi mbele ya wazee, na jambo lingekwisha: akitaka kumwona mtoto, aje kama mgeni anavyokuja, aondoke kama mgeni anavyoondoka. Kwa sababu hiyo Rhobi alikataa wasichana wa kwaya waliojitolea kugawa vinywaji. Kwa sababu hiyo alitaka chungu kile kiwe kizuri kuliko vyote alivyowahi kupika.

Hakukionja. Kazi ya kuonja ilikuwa ya Grace tangu alipoanza kusimama kwa kushika ukingo wa chungu. Rhobi alikuwa anamwinamishia kata, mtoto anavuta kidogo, anafumba macho, anatoa hukumu: "Bado, Bibi," au, "Imekolea, Bibi." Hakuwahi kukosea. Lakini Jumamosi ile alikuwa saluni hadi jioni, na Jumapili asubuhi alitoka chumbani na gauni jeupe, akapita mbali na jiko ili moshi usimshike.

"Togwa, Grace!"

"Nikirudi, Bibi. Tumechelewa!"

Akarudi kutoka kanisani ndani ya gari la Bernado.

Rhobi aliliona likiingia uani taratibu, jeupe, limeoshwa. Bernado alishuka, amenenepa, shati limechomekewa. Alifungua mlango wa nyuma akatoa deli kubwa la barafu, kisha yeye na kijana mmoja wakabeba, kwa tahadhari ya watu waliobeba mgonjwa, keki ya ghorofa mbili. Ilikuwa ya chokoleti. Kando yake ndogo, ya umbo la moyo, ina maandishi mekundu. Rhobi hakuhitaji kusogea karibu kuyasoma.

"Shikamoo mama," Bernado alisema akipita.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Alilitamka hilo la mwisho kwa sauti. Pengine halikusikika. Yule kijana alikuwa ndiye MC, na tayari alikuwa ameshawasha spika.

Alipogeuka aliona meza ya mbele, aliyoitandika mwenyewe alfajiri, ikiwa na keki ya ghorofa mbili katikati. Maboksi ya Hafidha hayakuwepo. Aliyakuta jikoni, juu ya gunia la mkaa.

Alishika kata. Kama ni hivyo, basi ni kumimina. Alianza na wazee, kama inavyopaswa. Mzee Kasmiri, mdogo wa marehemu mume wake, alikaa kiti cha mbele. Huyu ndiye aliyesimama shahidi ng'ombe wa Matrida walipotoka zizini. Rhobi alimfikia na kikombe, akakuta mkononi ana bia ya kopo, baridi, inatoa jasho.

"Shemeji, hutakunywa togwa?"

"Nitakunywa, nitakunywa. Weka hapo chini." Akalipangusa kopo kwa kidole gumba. "Huyu kijana siyo mbaya. Ameleta vitu."

Rhobi akaenda kwa Bernado. Alipiga goti kidogo, kama mwenye nyumba anavyofanya kwa mgeni wa mbali, akachota, akamimina, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili. Watu wa viti vya karibu waligeuka. Walijua wanachotazama.

Bernado alikitazama kikombe. Naye alijua, alizaliwa Mugango, siyo Ulaya. Akatabasamu, akainua kopo lake la soda.

"Asante mama. Mimi ninayo hii."

"Onja tu."

"Nimetosheka, mama. Wape wageni."

Kutoka kwenye spika MC akadakia: "Jamani, mpigieni makofi mama wa jikoni! Anachapa kazi huyu! Mama, ukimaliza hapo, meza kuu hawana maji!"

Watu wakapiga makofi. Wengi walipiga kwa nia njema kabisa. Walitoka Musoma na kwenye kwaya, wakaona bibi mwenye kata na aproni akienda kiti hadi kiti, na katika sherehe zao wanaomimina ni wale waliolipwa kumimina. Rhobi alisimama na kikombe kimejaa. Akairudisha togwa chunguni. Kisha, kwa kuwa meza kuu hawakuwa na maji, akapeleka maji.

Muda wa keki ulifika. Mshumaa wa fataki ukatema cheche, Grace akakata, vigelegele vikapigwa. Alikuwa mzuri mtoto yule. Shingo ndefu, macho ya chini. MC akasubiri spika zinyamaze.

"Sasa ule wakati wenyewe! Baba na mama wa mtoto, karibuni mbele mlishwe keki!"

Rhobi aliweka jagi chini. Alifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, akaivua, akatoka. Hakukimbia na hakusita. Alikuwa ameitwa. Matrida alitokea upande wa pili, na nyuma ya Matrida, akifunga kifungo cha koti, Bernado. Wakakutana watatu mbele ya meza, na mwenye kamera akashusha kamera.

"Mama," MC alisema kwa upole, amefunika kipaza sauti kwa kiganja, "maji baadaye kidogo. Tupishe tupige picha."

 Rhobi alimtazama Grace. Grace alikuwa ameshika kijiti chenye kipande cha keki, aising imeanza kuyeyuka. Rhobi akamgeukia Kasmiri. Neno moja lingetosha. Asimame tu, aseme, huyu ndiye mwenye nyumba. Kasmiri alilitazama kopo lake, akalitikisa kusikia kama bado lina kitu.

"Shemeji," alisema, "mpishe mtoto amalize shughuli yake."

Angeweza kupiga kelele. Sauti alikuwa nayo. Angeweza kuwataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, na wazee wangelazimika kuitikia. Lakini tone la aising lilikuwa limedondoka kwenye gauni jeupe, na Grace alikuwa analitazama tone hilo kana kwamba ndilo jambo baya kuliko yote yaliyompata. Rhobi akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mwenye kamera akaridhika.

"Baba kwanza!" MC alisema.

Jikoni, Matrida alimkuta amekaa kwenye kigoda. Alikuja na kisu.

"Keki yao haikutosha," alisema. "Viti vya nyuma hawajapata. Wamesema tukate na hii yako."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa." Matrida alifungua boksi. Kisu kilibaki hewani. "Shuleni wanamwita mtoto wa mabibi. Wanamuuliza baba yako nani, anasema ni bibi, darasa zima linacheka. Unafikiri anakuambiaga? Anakuja kulia kwangu. Yule atamsomesha Musoma, atampa jina."

"Jina analo."

"Analo la marehemu ambaye hajawahi hata kumwona, mama."

"Na wewe? Ulikosa nini hapa?"

Matrida alifikiri. Hakuwa mwanamke mwongo. "Sikukosa chakula," alisema.

Uani muziki ulianza tena. Rhobi alitazama ile keki ndogo, maandishi ya Hafidha yamelala sawasawa, bila kasoro.

"Kata," alisema. "Watu wasiondoke na njaa."

Kisu kikapita.

Jua lilikuwa linashuka Grace alipoingia, akiinua gauni kwa mkono mmoja lisiguse majivu. Alikuwa amelifuta lile tone, likaacha doa la kahawia kifuani. Mkono wa pili alishika sahani ya karatasi, kipande cha chokoleti juu yake. Akasimama mlangoni.

"Bibi."

"Ndiyo."

"Baba amesema nikuletee."

Neno lile lilitoka kwa urahisi. Pengine lilikuwa limefanyiwa mazoezi, pengine halikuhitaji. Rhobi alitikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza bei. Kisha akainuka, akafunua chungu. Togwa ilikuwa karibu yote bado imo, imetengeneza ngozi nyembamba juu. Akaivunja kwa kata, akakoroga, akachota kidogo, kile kiasi cha mtoto anayesimama kwa kushika ukingo.

"Haijaonjwa," alisema. "Nimewapa watu kitu ambacho hakijaonjwa. Onja, uniambie."

"Bibi, nguo."

"Inama tu."

Nje honi ya gari ililia mara moja, fupi, isiyo na hasira. Grace aligeuza shingo kuelekea uani, akaigeuza tena ndani. Hakuondoka. Hakuinama pia. Alinyoosha sahani mbele zaidi, ili Bibi aifikie bila kusogea, na Rhobi akazidi kunyoosha kata, mkono mwingine ameukinga chini yake lisidondoke tone. Wakabaki hivyo, keki upande mmoja, togwa upande wa pili, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kupokea.