Majivu ya Lusenge

Viza ya Kavira ilichelewa sana. Alipofika Uingereza kutoka Butembo, alidhani kaka yake Lusenge ameshazikwa. Mjane wa Lusenge, Helen, muuguzi mzungu aliyeolewa naye mjini Beni, akampeleka kwenye ngome ya kale iliyobomoka, katikati ya malisho ya kondoo.

"Mais... lakini kaburi iko wapi?" Kavira akauliza.

"Hakuna kaburi, wifi. Tulimuchoma, tukatawanya majivu yake hapa. Alikuwa anapenda sana fasi hii."

Damu ikampanda Kavira kichwani. "Mulimuchoma? Yaya yangu, kaka yangu mukristu, mukamuchoma sawa buchafu? Mama nitamuambia nini?"

Helen akaanza kulia. Kavira hakumbembeleza. Alipiga magoti chini ya ukuta, akachimba udongo kwa kucha na kuufunga ndani ya kitenge chake. Mlinzi wa ngome akaja mbio, akipiga kelele na kumshika bega. Kavira hakujua Kiingereza, lakini mkono ule aliuelewa, akausukuma kwa nguvu zake zote.

Udongo ule ulizikwa Butembo kwa misa, na mama akapata pa kulilia. Simu za Helen, Kavira hapokei mpaka leo.