Ndui Katika Maji ya Moto

Dorcas Vowles aliingia majini saa kumi na moja alfajiri, na ilipotimu saa moja vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Maji ya moto yalimfika kifuani. Alikuwa amekwisha kuwashika mabibi wanne na kuwatembeza bwawani, mmoja baada ya mwingine, huku wapiga zeze kule juu barazani wakipiga muziki wa taratibu ili wakubwa wasichoke kuloa. Mbele ya kila bibi kilielea kisinia cha mbao chenye leso, ugoro na kishada cha maua. Maua yalikuwa ya kuzuia harufu. Harufu yenyewe hakuna aliyeitaja.

"Anayefuata ni wako," mwenzake Prudence alimnong'oneza. "Kengele za kanisa zililia robo saa nzima alipoingia mjini juzi. Mimi nikifa hata kengele ya ng'ombe sitapigiwa."

"Utapigiwa sufuria," alisema Dorcas, na wote wawili wakacheka chini chini, maana wahudumu hawakuruhusiwa kucheka.

Aliyekuwa akishuka ngazi ni Arabella Wyndlow, binti wa miaka kumi na tisa, ndani ya gauni la kuogea la kitani kizito. Uso wake ulikuwa umepakwa poda nyeupe, nene kama chokaa ukutani. Mama yake alibaki juu barazani, upepeo wa kujipepea mkononi, macho hayabanduki kwa mwanawe.

Dorcas alimshika mkono, akashtuka. Joto la maji yale alilijua kama mpishi anavyolijua jiko lake. Joto lililokuwa katika mkono ule halikutoka majini.

"Bibi ana homa?"

"Ni uchovu wa safari," binti alisema. "Mgongo unaniuma. Nishike vizuri, nisije nikaanguka."

Walitembea hatua chache. Mvuke ulikuwa mzito asubuhi ile, na poda ikaanza kuyeyuka. Ikachuruzika mashavuni, ikadondoka majini na kuelea kama unga. Chini yake, kuanzia kwenye nywele hadi juu ya nyusi, Dorcas akaona vipele vidogo vigumu, kama risasi za kuwindia ndege zilizofichwa chini ya ngozi.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Uso wake mwenyewe ulikuwa na mashimo ya ugonjwa ule tangu akiwa na miaka tisa, na katika juma lile lile walizikwa mama yake na kaka zake wawili.

"Usiseme," Arabella alinong'ona. Alikuwa akitetemeka ndani ya maji ya moto. "Nakuomba."

"Mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliyenipaka. Jioni kuna dansi, na kuna bwana ambaye atanichumbia. Mama amesema nisimame tu mpaka bwana huyo aseme neno lake. Kisha nitalala."

"Hukuchanjwa?"

"Baba alikataa. Alisema ni kumwingilia Mungu kazini kwake." Akamkaza Dorcas mkono. "Niambie kweli. Nitakufa?"

Dorcas alitazama barazani. Upepeo wa yule mama ulikuwa umesimama.

"Mimi sikufa, Bibi," alisema. Ukweli mwingine hakuwa nao.

Akamtoa majini, akampeleka kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo ambamo moto ulikuwa ukiwaka. Akamvua gauni, akamfuta kwa mataulo matatu, akamvika nguo kavu. Mama akaja na kopo la poda, akampaka mwanawe upya, akaondoka naye. Zikabaki nguo mbichi sakafuni.

Dorcas alizitazama kama mtu anayetazama nyoka. Kila asubuhi, saa mbili, nguo zote za bwawa zilifungwa bunda na kupelekwa mtoni kwa wafuaji. Mfuaji wa mabunda ya Dorcas alikuwa Leah, mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba. Juma lile la misiba Leah alikuwa kwa shangazi shambani. Ndui haikumwona hata kwa mbali. Na Leah alikuwa na tabia ya kubana pindo la nguo kwa meno wakati wa kukamua.

Akakimbia kwa msimamizi, Bwana Cantle, akamkuta mlangoni na daktari wa bwawa. Akasema aliyoyaona.

"Neno hilo lisemee tumboni!" Bwana Cantle alimfokea, kisha akashusha sauti na kumsogelea. "Sikiliza, mama. Mji huu unakula msimu mmoja tu. Mkate umepanda tena juma hili. Neno hilo likitoka nje, kesho nyumba zote za wageni zitakuwa tupu. Unadhani nani atalala njaa kwanza? Mimi?"

Hilo halikuwa uongo, na Dorcas alilijua.

Daktari alikwenda akasimama kwenye mlango wa ukumbi, akamtazama Arabella kwa umbali wa hatua ishirini, akarudi. "Vipele vya joto. Na hata kama si vya joto, wageni wetu karibu wote wamekwisha kuchanjwa. Hakuna la kuogopa."

"Na sisi, Daktari?"

"Ninyi nani?"

"Sisi tunaobeba. Tunaotandika. Tunaofua."

Daktari alimtazama kama vile taulo limefungua mdomo. "Peleka nguo zikafuliwe," alisema.

Hapo ndipo Dorcas alipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka sita. Alikuwa na makovu, Prudence alikuwa na makovu, na wahudumu wote wa bwawa walikuwa na makovu. Bwana Cantle hakuwahi kuajiri mwanamke mwenye uso laini. Alijua tangu zamani kwamba ndui huingia bwawani, na kwamba aliyekwisha kuiugua haiugui tena. Lakini wafuaji hawakuwa mzigo wake, basi nyuso zao hakuzitazama.

Alirudi kwenye kile chumba, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Gauni lilikuwa na muhuri wa mji umeshonwa shingoni. Mwaka uliopita mwanamke mmoja alihukumiwa kupandishwa meli hadi Amerika kwa ajili ya mashuka mawili, na huyo aliyaiba tu, hakuyaharibu. Alisikia nyayo za Bwana Cantle ukumbini, na fimbo yake ikigonga sakafu, tap, tap. Alijiambia azifunge tu nguo zile bunda. Aliinama kweli, akaanza kufunga fundo, na mikono yake ikakataa.

Akaongeza kuni. Akasukumia taulo la kwanza motoni, kisha la pili, kisha la tatu. Gauni lililoloa lililia na kutoa moshi mweusi. Akalikandamiza kwa chuma cha kuchochea moto huku akikohoa na machozi yakimtoka, akiomba liwake, liwake upesi.

Mlango uligongwa, ukavunjwa.

"Wewe mwanamke umerogwa? Mali ya mji!" Bwana Cantle aligeuka na kuita. "Mgambo! Njoo umkamate huyu!"

Mgambo wa parokia aliingia, kijana mnene mwenye mashavu mekundu yasiyo na doa. Akamkamata Dorcas mkono, juu ya kiwiko, pale pale Arabella alipokuwa ameegemea.

"Umewahi kuugua ndui, bwana mgambo?" Dorcas alimuuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Mkono ulimwachia kana kwamba umeungua. Mgambo akajipangusa kwenye koti, akajipangusa tena.

"Tangulia," alisema. "Kwa hakimu. Njia unaijua."

Wakatoka hivyo hivyo, Dorcas mbele na gauni lake lililoloa likifuka mvuke kwenye baridi, mgambo hatua kumi nyuma na rungu lake. Watu waliokuwa wakielekea kunywa maji ya dawa walisita, wakauliza ni mwizi gani huyu asiyeshikwa. Njia ilifunguka, na madirisha mawili matatu yakafungwa.

Kwenye kona ya barabara ya mtoni Dorcas akamwona Leah anapanda kilima, kikapu kitupu kiunoni, akija kuuliza kwa nini bunda limechelewa. Leah alipomwona akatupa kikapu na kuanza kukimbia, mkono mmoja tumboni.

"Simama hapo hapo!" Dorcas alipiga kelele, kiganja mbele. "Usisogee hata hatua!"

Leah akasimama. "Dada, una nini? Wanakupeleka wapi?"

"Usiniguse. Wala usiende bwawani, wala usipokee nguo ya mtu."

"Umefanya nini, Dada?"

"Tembea wewe," mgambo alisema kutoka nyuma, lakini hakusogea.

Dorcas alimtazama mdogo wake, uso ule laini, midomo iliyopasuka kwa baridi. Kisha akavuka upande wa pili wa barabara ili ampite kwa mbali.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Leo hakuna nguo za kufua."